Kurasa Tisa Alizoshona Dorine

Katika kiwanda kimoja cha nguo mjini Thika, meza ya tatu kutoka dirishani, kuna mwanamke ambaye kazi yake ni kuondoa makosa ya mashine. Kitambaa kikitoka na uzi uliokatika au tundu dogo, huletewa Dorine. Yeye huchomoa nyuzi pembeni mwa kitambaa kile kile, akazipitisha kwa sindano juu, chini, juu, chini, mpaka tundu lifunge. Halafu kitambaa huenda kwa mkaguzi, ambaye hukitandaza juu ya taa. Mkaguzi akipitisha mkono mara mbili pale palipokuwa na tundu na asilione, Dorine hainui kichwa, lakini hutabasamu kwa shavu moja. Amefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na anasema mkaguzi amewahi kumrudishia vipande vinne tu. Cha nne anakipinga mpaka leo.

Alizaliwa Bungoma, akamaliza kidato cha nne, akaja Thika kumtembelea binamu yake kwa wiki mbili. Wiki hizo hazijaisha. Sasa anaishi Ruiru, katika chumba kimoja nyuma ya stesheni ya reli. Mwanawe Lenny anaendesha lori Eldoret, na akija kumwona mama yake hulala kwa jirani, kwa sababu kwake vitabu vimechukua nafasi ya mgeni.

Dorine anasoma kila kitu, lakini si kila mahali. Riwaya za mapenzi husomwa asubuhi akingoja uji upoe, kwa kuwa haziudhiki zikikatizwa. Katuni ni za foleni ya maji. Vitabu vya kutisha ni vya Jumapili saa nane mchana, mlango ukiwa wazi, jua likiwaka, na majirani wakionekana wazi wakianika nguo. Aliwahi kujaribu kimoja jioni, akalala na taa siku tatu. Na vile vitabu vizito vya siasa, ambavyo watu huvitaja kuliko wanavyovisoma, ni vya saa ya chakula kiwandani, kwa sababu humfanya atafune polepole.

"Mama Lenny," Oluoch humuuliza akipita na sahani yake, "leo ni mapinduzi ama ni busu?"

"Mapinduzi."

"Nani ameshinda?"

"Bado wanaandika barua."

Oluoch ni fundi wa mashine za kufuma na pia ndiye mwakilishi wa wafanyakazi. Ni mtu mrefu, mwenye sauti inayofika mahali kabla yake. Amekula meza moja na Dorine miaka kumi na sita.

Tatizo la vitabu vya Ruiru ni mwisho. Dorine huvipata kwa Kiama, ambaye hutandika gunia karibu na stendi na ana sheria moja: lete kimoja kizima, chukua viwili vya aina yoyote. Viwili vya aina yoyote mara nyingi vimepitia kwa wauza njugu, na wauza njugu huchana karatasi za kufungia kuanzia nyuma. Kwa hivyo kuna watu Ruiru ambao wamekula njugu kutoka ndani ya ukurasa unaosema muuaji ni nani, wakaukunja, wakautupa.

"Kiama, hiki hakina mwisho."

"Lakini kina mwanzo mzuri, mami."

"Mwanzo nitaufanyia nini?"

"Mwisho si unaujua? Wataoana."

"Hiki ni cha kutisha."

"Haiya! Basi ataolewa na shetani. Chukua, mami, nitakuongeza katuni."

Kwa mtu wa kazi yake, kitabu kisicho na mwisho ni kitambaa chenye tundu, na Dorine hakuweza kulala karibu na tundu. Akaanza kuandika miisho mwenyewe. Mwanzoni ilikuwa ukurasa mmoja tu wa karatasi ya daftari, kwa kalamu ya buluu, ukashonwa ndani kwa uzi wa buluu. Buluu ilikuwa sheria yake. Yeyote atakayekipata kitabu baadaye ajue mwandishi ameishia wapi na Dorine ameanzia wapi. Alifunga ndoa nyingi. Alikamata wauaji, ingawa mara mbili alimchagua mtu ambaye alikuwa ameshakufa katika sura ya tatu, ikabidi achane na kuanza upya. Wasomaji wa Kiama walimzoea. Wapo waliopekua nyuma ya kitabu kwanza kuona kama kina uzi wa buluu, ndipo wakakichukua.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, Kiama alimpa kitabu ambacho alikuwa amekisikia tangu shuleni. Ni kimoja cha vile vikuu vya siasa, kuhusu wachonga mawe wa nchi ya mbali na ya baridi, waliokataa kuingia kazini. Mwandishi wake alikufa zamani sana. Dorine alikisoma saa ya chakula, ambayo mwezi huo huo kiwanda kilikuwa kimeikata kutoka dakika arubaini hadi thelathini, hivyo hakutafuna polepole kama alivyotaka. Akafika ukurasa wa mia mbili na kumi na moja. Mzee wa mawe, kiongozi wa wagomaji, anapanda juu ya jabali. Anawatazama wenzake. Mstari wa mwisho kabisa wa ukurasa unasema: "Akakohoa, akainua mkono, akasema"

Basi. Kilichofuata kilikuwa kimekwenda na njugu.

Akasema nini? Dorine alikaa na swali hilo wiki nzima. Alilipeleka kazini, akalirudisha nyumbani. Jumamosi akakaa kitandani na daftari, na mzee wa mawe akaanza kusema. Akasema juu ya chakula. Akasema kwamba wao huvunja mawe kwa nyundo, si kwa meno, na meno wameyaweka kwa ajili ya chakula, na meno yanahitaji muda. Akasema dakika thelathini ni za kutoka, kunawa mikono, kupanga foleni na kurudi, na chakula chenyewe hakijapewa hata dakika moja. Hotuba hiyo ilichukua kurasa tatu, na Dorine alipoisoma akaona ni nzuri.

Angeishia hapo. Lakini mtu akisoma kila kitu, kila kitu hutaka kuingia. Mke wa mzee wa mawe, aliyefariki mapema kitabuni, alirudi akawa anafunga na kufungua dirisha la meneja mpaka meneja akakonda. Kijana wa koti jekundu akatokea, akaruka paa hadi paa akigawa makaratasi ya mgomo. Karani wa meneja akampenda mzee wa mawe, wakaoana. Zilikuwa kurasa tisa kwa jumla. Dorine alijua vizuri kwamba vitabu vikuu havina mambo hayo, lakini akayaacha humo.

Safari hii hakutaka mwandiko wa kalamu. Akampelekea Safaa, msichana wa duka la kuchapa lililo mkabala na stesheni, ambaye siku nzima huchapa barua za kuomba kazi na alikuwa amechoka nazo.

"Mama Lenny, kama tunafanya, tufanye," Safaa alisema. Akatafuta herufi zinazofanana na za kitabu, akapima ukingo kwa rula, akaweka namba kuanzia mia mbili na kumi na mbili. Karatasi zilikuwa nyeupe mno, wakaziloweka kwenye chai. Mara ya kwanza walisahau wakatumia chai ya maziwa, zikanuka. Mara ya pili walitumia chai kavu, zikatoka na rangi ya uzee kabisa. Kisha Dorine akachomoa uzi kutoka mgongo wa kitabu chenyewe, kama afanyavyo kazini, akashona kwa uzi huo. Hakutumia buluu. Alishika kitabu kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha mkono mara mbili. Hapakuwa na tundu.

Kitabu hicho hakikukusudiwa kutoka nyumbani. Lakini Dorine akakibeba kazini siku moja, labda kukitazama tu, na Oluoch akakiona.

"Hiki ndicho kile cha wachonga mawe? Niazime."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Alifungua mdomo aseme. Badala yake akasema, "Usikikunje."

Ukweli ni kwamba alitaka kuona. Kazi yake yote ni kupeleka kitu kwa mkaguzi na kungoja, na kitabu hiki kilikuwa hakijakaguliwa na mtu.

Wiki mbili zilipita. Siku ya Jumatano Oluoch alimfuata kwenye meza yake ya kushonea na kitabu, bila sahani.

"Nimemaliza."

"Na?"

"Nimemaliza tu, Mama Lenny. Sijui hata niseme nini." Alikuwa ameufungua ukurasa wa mwisho na mkono wake ulikuwa ukiupapasa, mara ya kwanza, mara ya pili. Dorine akatabasamu kwa shavu moja. "Huyu mtu alikufa kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Na ameandika dakika thelathini! Thelathini kamili! Hata sukuma wiki ameandika. Mimi nilifikiri huko kwao ni theluji tu."

Tabasamu la Dorine likapungua. Sukuma wiki alikuwa ameisahau.

"Sasa sikiza," Oluoch akaendelea, "Ijumaa tuna mkutano na ofisi kuhusu saa ya chakula. Bwana Urbanus atakuwepo. Si unajua anavyotuambia kila mara amesoma siasa chuoni miaka minne? Nitasimama mbele ya watu wote nimsomee hii hotuba, na nitaje ukurasa. Nitampiga na kitabu chake mwenyewe!"

Dorine alijichoma sindano, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu kile kipande cha nne.

Aliona yote yatakavyokuwa. Bwana Urbanus, meneja wa wafanyakazi, angetoa nakala yake, afungue ukurasa huo huo, na kuuliza kwa upole hotuba iko wapi. Watu mia tatu wangecheka. Uchaguzi wa mwakilishi ulikuwa mwezi ujao. Na Oluoch, ambaye hajawahi kusema uongo mbele ya watu, angesimama pale na kitabu kilicholowekwa kwenye chai.

Alhamisi baada ya kazi alishuka Ruiru na kwenda moja kwa moja kwa Safaa. Safaa alicheka mpaka akashika meza. Alipoona uso wa Dorine akaacha.

"Kuna mteja wangu, Maxine, anakaa Kahawa Wendani, anasomea hiyo hiyo siasa. Huchapisha kazi zake hapa. Nenda angalau ujue kitabu chenyewe kinaishaje."

Maxine alikuwa na kitabu kizima, kimepigwa mistari ya kijani tangu mwanzo mpaka katikati, kisha mistari ikakoma. Dorine alisimama mlangoni pa chumba chake cha hosteli, akafungua ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. *Akakohoa, akainua mkono, akasema* koo linamuuma. Watu wakangoja. Akashuka jabalini. Wakaokota nyundo zao, wakarudi kazini. Mvua ikanyesha. Kurasa tatu.

"Ndiyo hii?" Dorine akauliza.

"Ndiyo hiyo, auntie."

"Kurasa mia mbili na kumi na moja, halafu koo?"

"Mwalimu wetu alisema hapo ndipo ukubwa wake ulipo."

"Alisema upo wapi hasa?"

"Hakusema. Kipindi kiliisha."

Dorine alizipiga picha kurasa zile kwa simu, akashukuru, akaondoka akiwa amekasirishwa na mtu aliyekufa zamani.

Ijumaa asubuhi alimngoja Oluoch langoni, kabla ya king'ora. Hakuzunguka.

"Ule mwisho si wa mwandishi. Ni wangu."

"Wako vipi?"

"Niliuandika mimi. Kutoka mia mbili na kumi na mbili."

Oluoch alikitoa kitabu kwenye begi, akakifungua, akakitazama, akamtazama. "Hotuba?"

"Mimi."

"Na marehemu anayefunga dirisha?"

"Mimi."

"Na harusi?"

"Hiyo pia."

"Yule wa koti jekundu, anayeruka paa?"

"Huyo nilimtoa kwa katuni."

"Yule nilimshangaa," Oluoch alisema polepole. "Lakini nikasema, labda ndiyo maana wanakiita kitabu kikuu." Kisha sauti yake ikashuka, na sauti ya Oluoch ikishuka ni jambo la kuogopesha. "Nimemsomea Apiyo nyumbani. Mke wangu alilia, Dorine."

Hakumwita Mama Lenny. Dorine alilisikia hilo.

"Alilia wapi?" akauliza, na papo hapo akajichukia kwa kuuliza.

"Pale kwa dirisha la meneja." Oluoch akakifunga kitabu. "Miaka kumi na sita tunakula pamoja. Ungeniambia tu. Ningekisoma hivyo hivyo, kikiwa chako."

Dorine akamwonyesha zile picha kwenye simu. Oluoch alizisoma akiwa amesimama, watu wakiwapita. Alipomaliza akarudisha simu.

"Koo?"

"Koo."

King'ora kikalia. Aliingia ndani na kitabu chake bila kusema atafanya nini.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa chakula. Bwana Urbanus alikaa mbele na faili na chupa ya maji, suti yake ikiwa imepigwa pasi vizuri sana. Oluoch aliposimama alikuwa na kitabu mkononi, na Dorine, safu ya nyuma, akakitambua.

"Ah!" Bwana Urbanus akasema kabla Oluoch hajafungua mdomo. "Kitabu hicho! Tulikisoma chuoni. Mimi nimekisoma mara mbili."

Oluoch akasita. "Mpaka mwisho?"

"Bwana Oluoch, mtu anasomaje kitabu bila kufika mwisho? Tangu juzi nasikia unataka kutusomea ile hotuba ya kufunga. Soma. Ni nzito sana ile. Hata mimi huwa nainukuu."

Oluoch aligeuza kichwa, akamtafuta Dorine safu ya nyuma mpaka akampata. Hakukonyeza wala kucheka. Alimtazama tu, kama mtu anayeshika mlango wazi akingoja mwenzake aamue kupita au kutopita. Kisha akafungua kitabu akaanza kusoma, bila kutaja ukurasa wala mwandishi.

Alisoma vizuri. Alisoma kuhusu nyundo na meno, na Bwana Urbanus akatikisa kichwa kukubali. Alisoma kuhusu foleni na kunawa mikono. "Kweli kabisa," Bwana Urbanus akasema. Alisoma mahali ambapo wachonga mawe wanalalamika kwamba sukuma wiki imepoa, na Bwana Urbanus, macho yamefumbwa nusu, akanong'ona, "Ndivyo alivyoandika, ndivyo hasa."

Oluoch akafunga kitabu. "Kwa hivyo ofisi inakubaliana na mwandishi?"

"Hakuna mtu msomi anayeweza kumpinga mwandishi yule."

Oluoch alibaki amesimama, na Dorine akaelewa kwamba uamuzi ameachiwa yeye. Mambo yangeweza kuishia hapo. Tundu lilikuwa limepita mbele ya mkaguzi wa pili, msomi wa miaka minne, na halikuonekana. Dorine alitazama mkono wa rafiki yake juu ya jalada, akasimama.

"Hiyo hotuba niliandika mimi," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akarudia. "Mimi, wa meza ya tatu. Kitabu kilikuwa kimechanika, nikashona mwisho wangu. Mwisho wenyewe mzee wa mawe anaumwa koo, watu wanarudi kazini. Oluoch hakujua mpaka leo asubuhi. Kosa ni langu. Sikuweka uzi wa buluu."

Kwanza hakuna aliyecheka, kwa sababu ilibidi watu wahesabu nani alikuwa amesema nini. Hesabu ilipokamilika, kicheko kilianzia kwa wafumaji na kikaja mbele safu kwa safu, hadi kikamfikia Bwana Urbanus. Yeye alifungua chupa ya maji, akanywa, akaifunga.

"Mimi," akasema, "nilisoma toleo lingine."

Hapo ukumbi ulivunjika mbavu kabisa, na hata yeye mwenyewe akashindwa kujizuia. Alicheka akiificha midomo kwa faili. Walipotulia alisema kwamba, toleo liwe lolote, amekubali mbele ya watu mia tatu na hawezi kukataa tena. Wakavutana kwa muda. Ofisi ikarudisha dakika tano, kwa majaribio. Oluoch alitaka kumi, na bado anazitaka, na mwezi uliofuata alichaguliwa tena ili aendelee kuzitaka.

Wiki nzima baada ya mkutano hakula meza ya Dorine. Alikula na wafumaji, mgongo akiwa amemgeuzia. Dorine alisoma katuni saa ya chakula, jambo lililo kinyume cha utaratibu wake, na hazikumchekesha. Nyumbani alipitia vitabu vyake vyote kimoja kimoja kuhakikisha kila mwisho una uzi wa buluu. Kiama, aliyekuwa amesikia habari, alianza kumwekea kando vile visivyo na mwisho, lakini Dorine alivipita.

"Mami, umenuna?"

"Nimepumzika."

Jumatatu ya pili sahani ikawekwa mezani mbele yake, na kando ya sahani, kitabu cha wachonga mawe.

"Nimekirudisha," Oluoch alisema. "Apiyo ametaka kukisoma tena mwenyewe, ndiyo nimechelewa. Sijakikunja."

"Asante."

"Ila kuna kosa moja, Mama Lenny. Nimelirekebisha."

Dorine alifungua ukurasa wa mia mbili na kumi na tatu. Maneno "sukuma wiki" yalikuwa yamepigwa mstari kwa penseli, na pembeni, kwa mwandiko mkubwa kama wa mtu anayepiga kelele, pameandikwa: *Huko ni baridi. Weka kabeji.*

Alitafuta sindano kwenye kola ya gauni lake la kazi. Ilikuwa na uzi wa buluu.